Uzi mrefu: Msikiti wa zamani na kaburi la zamani vinasomwa namna gani? Kutoka Kizimkazi mpaka Kasongo

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Wandugu, habari za siku nyingi. Mimi niko nafundisha histoire kwenye sekondari hapa Bukavu na kuna somo moja linaniuma kila mwaka, lile la Waarabu na Waswahili mu Kongo. Kwenye kaye ya mtoto utakuta: Tippu Tip, watumwa, pembe za tembo, kisha Dhanis, ofisa wa jeshi la Wabelgiji, akaja akawafukuza, basi, tunageuza ukurasa. Na darasani mle mle watoto wengi wako na bibi ao babu wa Maniema, wanakula wali, wanaongea hii lugha yetu, lakini hakuna anayeweza kukwambia wale watu walijenga nini, walisali wapi, walizikwa namna gani. Mimi ni mkatoliki, nalisema mapema ili mtu asifikiri nahubiri dini. Ninachosema ni kwamba msikiti wa zamani na kaburi la zamani ni ushahidi, unauliza maswali na unapata majibu, na tena yale majengo ya pwani tunayoona kwenye foto tukidhani ni mambo ya Wazanzibari na Wakenya, mali iliyoyajenga kwa sehemu kubwa ilitoka huku bara. Kwa hiyo na sisi tuko ndani.

Naanza na Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Kwa nje ni msikiti mdogo wa paa ya bati, mtu anaweza kuupita bila kugeuza kichwa. Ingia ndani uende mbele kwenye mihrabu, lile tundu la ukutani linaloonyesha upande wa Makka, utakuta maandishi ya Kikufi, mwandiko wa zamani wa Kiarabu, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, herufi zinaota majani na maua, na mwaka umetajwa: 500 ya Hijria, yaani 1107. Ni kati ya maandishi ya zamani zaidi yenye tarehe kwenye pwani yote ya Afrika mashariki, na uchongaji wake wataalamu wameufananisha na kazi ya Siraf, bandari ya zamani ya Uajemi. Sasa mtoto atarukia kusema basi msikiti ni wa 1107. Hapo ndipo mwalimu anapata kazi, sababu kuta nyingi zinazosimama leo ni za karne ya 18, watu walijenga upya na wakatunza mihrabu ya wazee wao. Jengo ni moja, umri ni mbili. Unamfundisha mtoto kuuliza kila kipande peke yake: wewe ulikuja lini, nani alikuweka hapa, na kwa nini hawakukutupa?

Shanga ndiyo naipenda zaidi. Iko kwenye kisiwa cha Pate, kaskazini ya Kenya, ni magofu tu. Miaka ya 1980 Mark Horton na watu wake walichimba chini ya msikiti wa mawe wakakuta chini yake msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka wakafikia mashimo ya nguzo za miti kwenye udongo, ya karne ya 8. Msikiti wa kwanza ulikuwa wa miti, mdogo, wa watu wachache, katikati ya kijiji cha kiafrika. Kisha ukakua, ukakua tena, mpaka ukawa wa mawe. Na ile ya mwanzo haikuelekea Makka sawasawa! Ukimwambia mwanafunzi hilo anaanza kufikiri mwenyewe: walikuwa wapya kwenye dini? hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha? Nani aliwarekebisha baadaye? Hakuna kitabu cha wakati ule kinachotuambia, ni ukuta tu.

Zoezi ninalofanya darasani halina gharama, ni karte ya Afrika na rula tu. Kilwa na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, kama 39 na nusu na kidogo zaidi, kwa hiyo msikiti wa Kilwa unaangalia kaskazini kabisa. Bukavu tuko kwenye 29 karibu, kibla yetu, yaani upande wa Makka, inaenda kaskazini ikilalia mashariki. Timbuktu, kule Mali, inaangalia mashariki. Watoto wakishachora zile mistari tatu wanaelewa kwamba ukikuta magofu hayana hata herufi moja bado unaweza kujua ukuta gani ulikuwa wa mbele.

Nitaendelea na Kilwa na makaburi, lakini semeni kwanza.

KakaGoma

Mwalimu, na heshima yote. Mimi bibi yangu alikuwa natuambiaka mambo ya Bangwana, bale Waarabu na Waswahili, vile babu zake balikuwa najificha mu pori. Batu balichomewa vijiji, balifungwa minyororo, balibebeshwa meno ya tembo mupaka ku bahari. Nyangwe si inajulikana? Leo tuseme mihrabu nzuri, herufi ziko na maua? Mimi sikatai histoire, niko nauliza tu: ile damu iko wapi mu hii somo yako?

Mwalimu_Ibanda

Kaka, swali lako ni zito na silikimbii.

Nyangwe ilikuwa 15 Julai 1871, siku ya soko, wamama wengi wamejaa pale kando ya Lualaba, na watu wa msafara wakafyatua bunduki kwenye umati. Livingstone alikuwepo aliona na macho yake, na hesabu aliyopewa na Waarabu wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Ile barua yake ilipofika Uingereza ilichangia kuwasukuma kumbana Sultani Barghash, na 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Sasa sikia: mwaka ule ule wa 1873 Waanglikana walianza kujenga kanisa kubwa juu ya kiwanja cha lile soko. Liko pale mpaka leo Mji Mkongwe. Na kutoka pale ukitembea kwa miguu unafika Shangani kwenye nyumba ya Tippu Tip. Mkongo akisimama kati ya hizo nyumba mbili anasoma histoire ya Maniema, haijalishi kwamba yuko Zanzibar.

Njo maana nasema majengo haya yafundishwe yakiwa mazima. Ukimwonyesha mtoto mlango mzuri wa kuchongwa wa Unguja wa karne ya 19, lazima umuulize pesa ya fundi ilitoka wapi. Ilitoka kwenye karafuu zilizochumwa na watumwa na kwenye pembe, na pembe nyingi zilitoka upande huu wa Tanganyika, zilibebwa kwenye mabega ya watu wetu kupitia Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo. Damu unayoiuliza iko ndani ya mlango ule. Mimi sitaki kuifuta hata kidogo.

Ila na upande wa pili tuuseme. Tunafundisha vita ya 1892 mpaka 1894 kama ukombozi. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili. Ngongo Lutete, mkubwa wa vita Mkongo aliyewasaidia Wabelgiji kushinda, wao wenyewe walimpiga risasi Septemba ya mwaka ule. Na kilichofuata chini ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, kila mtu hapa anakijua, kauchu na mikono iliyokatwa. Daktari Mwingereza Sidney Hinde aliyekuwa kwenye jeshi la Dhanis aliandika namna walivyoikuta Kasongo: bustani za machungwa, makomamanga, mananasi, vitanda vya kuchongwa, mashamba ya kila aina. Mji mzima. Ni nani alikuwa analima pale, nani alikuwa anasali pale? Wengi walikuwa Wakongo, wengine watumwa, wengine waliachiwa huru, wengine waliingia kwenye dini na hawakutoka tena. Bibi yako na wao ni watu wa histoire moja.

KakaGoma

Nimesikia. Bado inaniuma lakini nimesikia. Endelea.

Mwalimu_Ibanda

Asante kaka. Kilwa basi, na nitaisema kwa urefu sababu ndiyo inayotuhusu.

Kilwa Kisiwani, kusini ya Tanzania. Msikiti mkuu ulianza mdogo kama karne ya 11 ao 12, kisha mwanzo wa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akauongeza mara nyingi, akaweka kuba na matao. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita pale 1331 akakutana na sultani huyo huyo, aliyekuwa anaitwa kwa ukarimu wake Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Paa ya ule upanuzi ilikuja kuanguka na karne ya 15 wakaijenga tena. Kwa hiyo ukisimama ndani unaona tajiri aliyetaka makubwa, unaona jengo lililoshindwa kubeba, unaona kizazi kingine kilichokataa kuliacha. 1505 Wareno wakaja na manowari. UNESCO waliiandika Kilwa pamoja na Songo Mnara mwaka 1981.

Sasa utajiri ule ulitoka wapi? Dhahabu. Na dhahabu haichimbwi Kilwa, ilichimbwa nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka Sofala, na Kilwa ikachukua ushuru. Kule Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Kasarafu kadogo, lakini kanafunga mwanaume wa bara aliyechimba na kuba ya msikiti wa kisiwani kwenye kamba moja. Mimi nikifundisha hivi watoto wanauliza maswali ambayo sijawahi kusikia kwenye somo la Dhanis.

BintiUnguja

Hodi jamani, shikamoo mwalimu. Mimi wa Unguja nasomea mambo ya kale, nimeukuta uzi huu nikashindwa kunyamaza. Nyongeza yangu ni ya makaburi maana watu wengi wanaangalia misikiti tu.

Kuna makaburi ya mnara. Nguzo ya mawe na chokaa inasimama juu ya kaburi, nyingine fupi nyingine ndefu sana, zipo kuanzia Somalia mpaka Tanzania: Malindi, Mambrui, Gedi, Tongoni ya Tanga, Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi pale Dar. Kwa sura ile huzikuti Uarabuni, ni ubunifu wa watu wa pwani wenyewe. Na kwenye nguzo ao ukutani walikuwa wanapachika bakuli na sahani za kaure kutoka China. Hizo bakuli ndizo kalenda yetu, kwa sababu kaure za China zinajulikana tarehe zake kwa nakshi na rangi, sasa kaburi haliwezi kuwa la zamani kuliko bakuli iliyopachikwa wakati wa kujenga. Linaweza kuwa la baadaye, maana familia iliweza kuitunza sahani miaka mingi kabla ya mzee kufariki, lakini la kabla yake haiwezekani. Inasikitisha kwamba sehemu nyingi sasa unakuta tundu tupu, bakuli zimeng'olewa zimeuzwa.

Gedi lipo kaburi lenye tarehe iliyoandikwa, 802 Hijria ambayo ni 1399. James Kirkman alipoanza kuchimba pale 1948 tarehe ile ilimsaidia sana kupanga vitu vingine vyote vilivyozunguka. Kaburi moja lenye mwaka linapangia mji mzima. Na Gedi imeingia urithi wa dunia juzi juzi tu, 2024.

Halafu swali la "Waarabu" mwalimu. 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa yenyewe, wa kuanzia karibu 1250 mpaka 1800. Wengi walikutwa wana mama wa Kiafrika na upande wa baba Waajemi, kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Wazee wetu walikuwa wakisema habari za Washirazi, yaani mababu waliotoka Uajemi, wasomi wengi wakawaona wanajikweza, kumbe mifupa imewaunga mkono kwa sehemu, na hapo hapo imeonyesha ule uafrika kwa upande wa mama ni mkubwa mno. Kwa hiyo ukiandika ubaoni "Waarabu" peke yake unapoteza zaidi ya nusu ya hadithi.

Na Tippu Tip mwenyewe kazikwa huku Mji Mkongwe, alifariki Juni 1905. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu.

Fundi_Bagira

Mimi ni maso, niko najenga tangu kijana, hii uzi dada na mwalimu mumenifurahisha lakini hakuna mutu ameniambia walijenga NA NINI. Simenti haikuwepo. Kuba inasimama namna gani miaka mia sita bila fer a beton?

BintiUnguja

Fundi, swali zuri kweli. Mawe ni ya matumbawe ya aina mbili. Ukuta wa kawaida ni jiwe la nchi kavu, gumu, lina matundu matundu, halichongeki vizuri. Kwa mihrabu na fremu za milango walikata tumbawe bichi baharini, likiwa na maji linakatika kama sabuni, wanalichonga upesi, likikauka linakuwa gumu. Cha kushikia ni chokaa, na chokaa ni matumbawe yale yale: yanapangwa juu ya tanuu la magogo, yanachomwa mpaka yawe meupe, kisha yanatiwa maji na kuachwa yalale muda mrefu kabla ya kutumiwa. Kadiri yanavyolala ndivyo yanavyokuwa mazuri, mafundi wa zamani hawakuwa na haraka.

Paa bapa ilibebwa na boriti za mikoko. Na hapo kuna siri, boriti moja haivuki zaidi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi, basi ndiyo sababu vyumba vyote vya zamani vya pwani ni vyembamba na virefu, na misikiti ina nguzo nyingi katikati. Mti wa mkoko ndio uliopanga upana wa chumba. Kuba na tao ndiyo njia ya kuukimbia mti, uzito unashuka pembeni kwenye ukuta mnene, hakuna kinachoning'inia. Ila kama mwalimu alivyosema, Kilwa paa ilianguka mara ya kwanza, kwa hiyo na wao walijifunza kwa gharama.

Fundi_Bagira

Sasa nimeelewa kitu. Huku batu bakirepare nyumba ya zamani ya matofali ya udongo ao ya chokaa banapiga simenti juu, kisha miaka kidogo ukuta unatoa maji, unapasuka, banasema nyumba imezeeka. Si uzee, simenti inafunga unyevu ndani. Ukuta wa chokaa unapumua.

BintiUnguja

Ndiyo hasa. Hata huku tumepoteza kuta nyingi kwa saruji. Ungekuwa darasani kwetu ungefundisha wewe.

Abu_Yusra (Kadutu)

Asalaam alaykum na salamu kwa wasio waislamu pia. Nimesoma yote. Mimi ni mwislamu wa Kadutu na nafurahi mwalimu mkatoliki anaongea hivi juu ya misikiti. Lakini tuwe wakweli, kwetu kuna wengi, na mimi niko karibu na msimamo huo, wanaosema kujenga juu ya kaburi hakufai, kaburi liwe chini, la kawaida, watu wasije wakaliomba. Sasa mkisema tutunze makaburi ya minara na makuba, kijana atauliza: ni sunna ao si sunna?

Mwalimu_Ibanda

Wa alaykum salaam papa. Hukumu ya dini siwezi kuitoa mimi, iko kwenu na mashehe wenu. Ninachoweza kusema ni upande wa histoire, na nitatoa mfano wa Timbuktu.

Timbuktu kuna msikiti wa Djingareyber, Mansa Musa, mfalme wa Mali, aliujenga kama 1327 aliporudi kutoka Makka, kuna Sankoré, kuna Sidi Yahya, na kuna makaburi 16 ya mawalii, vyote kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1988. Mwaka 2012 kundi la wapiganaji la Ansar Dine likabomoa makaburi 14 kwa sababu hiyo uliyoitaja. Waliolia kwanza walikuwa waislamu wa Timbuktu wenyewe. Na waliojenga upya walikuwa mafundi wa palepale, familia zinazorithishana kazi ya udongo, kufikia 2015 makaburi yote yakawa yamesimama tena. Ile CPI, mahakama ya kimataifa ya jinai ya La Haye, tunayoijua kwa kesi ya Lubanga na ya Ntaganda, 2016 ilimfunga Ahmad al-Faqi al-Mahdi miaka tisa, kesi nzima ilikuwa juu ya kubomoa makaburi na mlango wa msikiti, na 2017 wakaagiza fidia ya euro milioni 2.7. Nilipowaambia wanafunzi kwamba mtu anaweza kupelekwa La Haye kwa kubomoa kaburi, darasa lilinyamaza kisha likaanza kubishana mpaka kengele ikalia.

Kwangu mimi mtu anaweza kuona kwamba kujenga kaburi jipya kwa namna ile hakufai, na bado akaliacha la karne ya 14 lisimame, sababu lile linaonyesha watu wa wakati ule walifikiri nini. Kufundisha si kuabudu.

Abu_Yusra (Kadutu)

Hapo tunaelewana. Kulisoma na kuliomba ni vitu viwili. Na kuna jambo moja naongeza, kaburi la chini la kawaida nalo lina habari. Namna lilivyolazwa, maiti ameelekezwa kibla, mawe ya kichwani na miguuni. Makaburi mengi ya waungwana huku kwetu ni ya namna hiyo, hakuna mnara hakuna bakuli, ni mawe mawili tu kwenye majani na miembe pembeni. Watu wanapita bila kujua kuna nini.

Mtoto_wa_Kasongo

Yaya Abu umenigusa. Mimi nilizaliwa Kasongo, niko hapa Bukavu juu ya kazi. Kwetu kuna Tongoni, pale palipokuwa mji wa Tippu Tip wenyewe, Kasongo ya leo iko mahali pengine. Watafiti wa akiolojia, na Wakongo wakiwemo, walifanya kazi pale na 2020 wakachapisha mambo waliyoyapata. (Hii si ile Tongoni ya Tanga dada aliyoitaja.) Wazee kwetu wanajua ni wapi nyumba ilikuwa, ni wapi walisalia. Lakini ni wazee wangapi wamebaki? Wabelgiji walikuwa hawataki madarasa ya Korani, vitu vingi vilifichwa ao vilipotea, mambo mengi yalibaki kwenye vichwa tu.

Ninachoomba ni ushauri. Familia yangu wanataka kutengeneza kaburi la babu wa mama yangu. Kuna jiwe la zamani liko na herufi za Kiarabu zimechokaa, moja ya wajomba ametuma pesa wanunue simenti na makaro meupe, waweke kipande kipya cha marumaru chenye jina kwa Kifaransa. Wanafanya kwa mapendo kabisa. Mimi naogopa lile jiwe litatupwa. Niwaambie nini?

BintiUnguja

Usiwaambie wasitengeneze, kaka. Waambie jiwe la zamani libaki palepale lilipo, hilo jipya liwekwe pembeni yake. Wasilipake rangi, wasilisugue kwa brashi ya chuma, wasimwage siki wala asidi ili herufi zionekane, watu wanafanya sana na jiwe linakufa. Na simenti isiguse jiwe lenyewe, fundi hapo juu ameshasema kwa nini.

Fundi_Bagira

Makaro bakitaka kabisa baweke kuzunguka, baache nafasi ya udongo kati ya makaro na jiwe la mzee, maji yapate njia. Ukifunika yote maji yatatafuta jiwe. Na wasichimbe chini ya jiwe kulinyoosha, kama limeinama kidogo waliache limeinama.

Mwalimu_Ibanda

Mdogo wangu, mimi naongeza upande wa kuandika, kabla fundi hajaanza hata siku moja.

Omba ruhusa ya wazee wa familia na ya imamu kwanza, wengine hawapendi foto za makaburi na ni haki yao. Wakikubali, piga foto asubuhi sana ao jioni, wakati jua liko chini linaangaza kutoka pembeni, herufi zilizochokaa zinatoa kivuli na zinasomeka ambapo saa sita hazionekani kabisa. Kama mawingu, shika tochi ya telefone pembeni ya jiwe, usiangaze mbele. Piga jiwe lote, kisha kila mstari, kisha kaburi pamoja na vitu vya karibu ili mtu ajue liko wapi. Weka rula ao hata kalamu kando ya jiwe ili ukubwa ujulikane. Usikwangue.

Maandishi yanakiliwe kama yalivyo, na makosa yake, na pale herufi imekufa acha nafasi, usijaze kwa kufikiri. Mara nyingi utakuta jina, mtoto wa nani, mtoto wa nani tena, na mwaka wa Hijria. Ile mtoto wa nani ndiyo dhahabu, sababu inaonyesha kama familia ilitoka pwani, ao Manyema, ao Ujiji. Mwaka usibadilishe kwa kutoa 622 peke yake, mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, tumia jedwali la kubadilishia ao muulize mtu. Andika na upande ambao kaburi limelala.

Kisha kaa na wazee na urekodi sauti. Uliza nani alimzika, nani alichonga jiwe, jiwe lilitoka wapi, babu alikuwa nani kwa kazi, na kama alikuwa mtumwa ao mwenye watumwa uliza pia, kwa adabu, mama zetu wakubwa wanajua na wengine wanangoja kuulizwa. Usimkatize mzee ili umrekebishe tarehe. Tarehe utazilinganisha baadaye.

Nakala moja ibaki kwa familia, moja kwa imamu, moja ulete. Mimi nitaipeleka darasani mwaka wa masomo ukifunguliwa, jina la familia tutalificha kama mnataka.

Mtoto_wa_Kasongo

Sawa mwalimu. Naongea na mjomba leo usiku, na mama mdogo ndiye ana funguo za ile nyumba, yeye atakubali upesi kuliko wanaume. Swali la mwisho, kuna mawe mengine mawili pembeni hayana herufi hata moja na hakuna anayejua ni ya nani. Hayo nayo nipige foto?

KakaGoma

Piga. Hayo njo ya kwanza.